Chumba Tulichokatazwa Kuongea

Wiki chache baada ya kumzika mume wangu, mwanangu anayekaa Njiro alinifuata nyumbani kwangu Sokon akanipeleka kwa daktari wa moyo. Daktari alinisikiliza kifua kwa muda mrefu, kwa kuwa nina valvu yenye kovu la tangu ujana na kila daktari kijana anayekutana nayo hushangaa nimewezaje kufika uzeeni. Akasema moyo haujabadilika sana, lakini uso wangu haumpendezi. Akanituma chumba cha pili kwa binti mmoja mwenye miwani, mshauri nasaha. Binti akaniamkia vizuri, akanisogezea kiti, akaanza kunieleza polepole kwamba mgonjwa wa moyo akizama kwenye huzuni hata dawa zinamsaidia kidogo tu, kwa hiyo siku hizi kuna tiba ya mazungumzo: mtu anakuja, anakaa, anasema yaliyomo kifuani, anasikilizwa. "Ni njia mpya, bibi, usiiogope," akasema. Nikacheka mpaka yeye ndiye akaogopa. Nikamwambia, mwanangu, mimi nilitibiwa hivyo Mwingereza akiwa bado anatawala, tena aliyenitibu hakujua kusoma wala kuandika, na mgonjwa wake nilikuwa mimi na mgonjwa wangu alikuwa yeye. Akadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Akaandika kitu. Nilirudi nyumbani nikakaa uani peke yangu, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi sikumlilia mume wangu. Nilimlilia mwanamke niliyelala naye chumba kimoja mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na tisa.

Homa ya viungo niliyougua utotoni ilikuwa imeniachia moyo mbovu, na mvua za vuli za mwaka ule zilinikuta siwezi kutoka jikoni kwetu Ngarenaro mpaka mlangoni bila kushika ukuta. Miguu ilivimba, ukibonyeza kwa kidole, shimo lilibaki pale pale likikutazama. Nikapelekwa hospitali moja iliyokuwa huko juu, kwenye mteremko wa mlima. Sitaitaja jina, kwa sababu waliokuwa pale wote wamekwisha kufa na hawawezi kujitetea. Mwisho wa wodi ya wanawake kulikuwa na chumba chenye vitanda vinne, sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa mpaka inateleza, na picha ya Malkia ukutani akiwa bado msichana. Dirisha lilitazama migomba na kahawa, na asubuhi ukungu ulishuka kutoka Meru ukaingia mpaka ndani, tukawa tunalala na baridi ya nje na ya ndani. Hicho ndicho kilichokuwa chumba cha wagonjwa wa moyo. Hatukulala chali kama watu. Tuliegemezwa kwenye mito, nusu tumekaa, mchana na usiku, maana ukilala chini maji yanapanda kifuani unazama ukiwa kitandani kwako.

Amri ya kwanza ya chumba kile ilikuwa kunyamaza. Sista mkuu, Mzungu mmoja mwembamba mwenye viatu visivyotoa sauti, aliamini moyo mbovu unataka utulivu, na utulivu kwake ulikuwa kutosema. Akikukuta unaongea anaweka kidole mdomoni, na kama hukuona anakipiga kidole hicho kwenye chuma cha kitanda. Amri ya pili ilikuwa chumvi. Walituletea ugali bila chumvi, maharage bila chumvi, na kabichi iliyochemshwa mpaka imekata tamaa. Mimi ni mtoto wa mjini, nimekulia kwenye pilau na achari, na nakwambia kweli, chakula kile kilinifanya nilie kuliko sindano. Sindano yenyewe ilikuwa ya kutoa maji mwilini: ukishachomwa asubuhi, kutwa nzima kazi yako ni kuita sufuria ya haja. Halafu jioni unatazama miguu yako imesinyaa, unapata matumaini, na baada ya siku chache inavimba tena. Mama mdogo wangu, Bi Saida, ndiye aliyekuwa akija kunitazama siku za wageni. Alikuwa na sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto, na Sista alimwogopa.

Nashipai aliletwa wakati mvua zimekolea. Walimbeba kwenye machela ndugu zake kutoka upande wa magharibi wa mlima, Waarusha, wamelowa matope mpaka magotini. Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini hivi, mrefu, kichwa kimenyolewa, amevimba miguu na tumbo, midomo imekuwa ya bluu. Wakamweka kitanda kilichopakana na changu. Alijua Kiswahili, kwa kuwa kwa miaka mingi alikuwa akishusha maziwa mjini kuuza, lakini siku za kwanza hakusema na mtu. Ilipofika siku ya wageni, Mama Mdogo Saida akaingia na kikapu chake, akamwona mgonjwa mgeni, na kwa adabu zetu za Ngarenaro, ambako hakuna anayemwita mwanamke mzima kwa jina lake tupu, akamsalimia kwa kelele: "Pole mwenzetu! Poleni na safari! Nikuite mama nani?" Nashipai akamtazama. Kisha akageuza uso ukutani, na mabega yake yakaanza kutikisika bila sauti. Mama Mdogo akaniuliza kwa macho amefanya kosa gani. Mimi sikujua. Toka siku ile Nashipai hakula. Alipewa uji akaufunga mdomo. Alipewa vidonge akaviacha vikayeyuka kwenye ulimi kisha akavitema kwenye shuka. Dada wa mume wake alipanda na kushuka na kibuyu cha loshoro, mahindi na maziwa ya mgando wanayoyapenda watu wa kwao, akamlisha kwa kubembeleza, na kibuyu kikarudi nyumbani kilivyokuja.

Daktari wetu alikuwa kijana, Mzungu pia, mwenye masikio makubwa na Kiswahili cha kitabuni. Huyu hakukubaliana na Sista kuhusu kunyamaza. Niliwasikia mara nyingi barazani wakibishana kwa lugha yao, na ingawa sikuielewa, mabishano yana sauti moja kila mahali. Daktari aliamini kwamba mtu mwenye moyo mbovu akifungia huzuni ndani anakwenda haraka, na kwamba akiitoa kwa maneno atapumua. Baada ya kuona Nashipai hali chakula, akashinda ubishi, akaleta kiti. Kila mchana aliketi kwenye kiti kile kando ya kitanda chake kwa nusu saa, na pembeni akasimama dresa wetu, msaidizi wa daktari, Mzee Loishiye, Mwarusha mwenye mvi na koti jeupe lililopigwa pasi, ili atafsiri, maana Daktari hakujua kwamba Nashipai anajua Kiswahili. "Mwambie kwamba ningependa kusikia habari za maisha yake," Daktari alisema. Loishiye akatafsiri. Nashipai, aliyekuwa hana nguvu ya kuinua kijiko, aliinua shingo akainamisha kichwa mbele ya Loishiye, na Loishiye akamgusa utosini kwa kiganja, ndivyo mtoto anavyomwamkia mzee kwao. Kisha akanyamaza. Daktari akangoja. Akauliza tena, kwa upole, akainama mbele, akatabasamu. Kila siku ilikuwa hivyo: kichwa kinainama, mkono unagusa, na kimya mpaka nusu saa iishe na Daktari achukue kiti chake akiwa amenyong'onyea.

Mimi nilikuwa mbea tangu kuzaliwa, ugonjwa haukunibadilisha. Siku moja Loishiye aliponiletea vidonge nikamuuliza kwa kunong'ona, "Mzee, shikamoo. Kwa nini hakujibu?"

"Marahaba. Atanijibuje? Mimi ni baba yake."

"Baba yake mzazi?"

"Rika la baba yake. Tulitahiriwa pamoja, yeye na mimi. Kwetu huyo ni binti yangu. Binti hawezi kukaa mbele ya baba akatoa mambo ya tumboni mwake. Ni aibu kwake na kwangu."

"Umemwambia Daktari?"

"Nimemwambia." Akaninywesha maji, akanifuta kidevu. "Amesema hospitalini hakuna rika."

"Na huzuni yake ni nini?"

Akatazama mlangoni. "Amefiwa na mtoto. Mmoja tu aliyekuwa naye. Usiniulize jina. Kwetu mtoto akifa jina lake linakwenda naye, halitajwi tena nyumbani. Hata yule mtoto wa jirani aliyekuwa na jina hilo hilo wamempa lingine." Akachukua trei yake akaondoka. Hapo ndipo nilipoelewa kosa la Mama Mdogo Saida. Kwao pia mwanamke huitwa kwa mtoto wake, na mtoto alipokufa walimwondolea yeye jina alilokuwa akiitwa kila siku kisimani, sokoni na nyumbani. Watu walimheshimu kwa kunyamaza. Alibaki na jina lake la usichana ambalo hakuna aliyekuwa amelizoea, na kila aliyemwita kwalo alimkumbusha kwa nini anaitwa hivyo. Halafu akaja mama mdogo wangu na kikapu chake, akamuuliza mama nani.

Baada ya siku chache nilimsikia Daktari barazani, safari hii kwa Kiswahili, akimwambia Loishiye: "Moyo wake ungeweza kwenda mwaka mzima, labda zaidi. Lakini hataki. Asipoanza kula wiki hii, waite watu wake." Maneno yale yaliniingia vibaya. Nilijitazama miguu yangu, nikaitazama ya kwake chini ya blanketi. Tulikuwa na ugonjwa mmoja, dawa moja, sindano moja. Kama yeye angekufa kwa kutotaka, basi na mimi nilikuwa njiani, kwa sababu na mimi nilikuwa sitaki. Nilikuwa sijamwambia mtu. Kwetu mgonjwa akiulizwa hali anasema alhamdulillahi, na wageni wanafurahi wanakula machungwa waliyomletea. Nilisema alhamdulillahi kutwa nzima. Usoni nilikuwa mzima na ndani nilikuwa nimekwisha jifukia.

Sababu yangu ilikuwa hii. Kabla ya kuugua nilikuwa nimeposwa na fundi cherehani mmoja wa mtaani kwetu, jina lake Idi, kijana mwenye vidole virefu na mzaha mwingi, na nilimpenda kwa siri kuliko msichana wa wakati ule alivyoruhusiwa kupenda. Mwezi wa kwanza hospitalini nilimsikia Mama Mdogo Saida nje ya dirisha akiongea na jirani yetu aliyekuja naye. Sauti yake ya kunong'ona ilikuwa sauti ya watu wengine ya kawaida. "Posa imevunjika," alisema. "Wakwe wameuliza, wameambiwa msichana mwenye moyo huu akibeba mimba anakufa. Wanamtafutia kijana wao kwingine. Lakini asijue, jamani, akijua moyo utapasuka." Wakaingia ndani wanatabasamu. "Idi anakusalimu sana," akasema Mama Mdogo. Nikajibu, "Alaika wa alaihi salaam." Na kila wiki salamu hizo za uongo zililetwa na kila wiki nilizipokea, kwa miezi, wao wakinificha mimi na mimi nikiwaficha wao kwamba najua. Sijapata kuwa mpweke namna ile tena maishani mwangu, hata sasa nikiwa mjane.

Mchana wa siku iliyofuata maneno ya Daktari, Sista alipokwenda kunywa chai yake, na vitanda vingine viwili wakati huo vikiwa vitupu, nilimgeukia Nashipai. Sikuwa na hekima yoyote ya kumpa. Nilikuwa na hofu tu, nilitaka mtu mmoja ajue kabla hatujafa wote wawili. Nikaanza kusema nikitazama dari. Nikamweleza habari za Idi, vidole vyake, jinsi alivyonipima gauni la sikukuu ya Idi pili bila kunigusa, akikisia kwa macho, na gauni likanikaa sawasawa. Nikamweleza posa ilivyovunjika dirishani. Nikamweleza zile salamu. Nilikuwa nalia na pumzi hazitoshi, nikawa nasema neno napumzika, neno napumzika. Yeye alikuwa amegeukia ukuta, nikadhani amelala.

"Na wewe unajibu?" akauliza ukutani.

"Najibu nini?"

"Salamu ya huyo mwanamume. Unajibu?"

"Najibu. Nafanyaje sasa?"

Mabega yake yakaanza kutikisika, nikafikiri nimemliza. Alikuwa anacheka. Kicheko kile kilimkatia pumzi, akakohoa, akashika kifua, na bado akawa anacheka, akageuka akanitazama kwa mara ya kwanza. "Suhura," akasema, kwa kuwa jina langu Zuhura lilimtoka hivyo, "wewe ni mjinga kabisa." Nilikubali. Nikajikuta na mimi nacheka, huku machozi yananitiririka, na kifua kilinipiga kweli kweli, na sikujali.

Hakunieleza ya kwake siku ile. Alianza kwa vipande, mchana baada ya mchana, wakati wa chai ya Sista. Alianza na maziwa. "Mimi natoka nyumbani jua bado," alisema. "Nabeba vibuyu, nashuka mjini, nauza kwa Wahindi, nauza kwa watu wenu. Mtoto nabakiza kwa bibi yake." Siku ikaisha hapo. Kesho yake akaendelea na mfereji. Kwao mifereji ya maji inashuka kutoka mlimani ikipita katikati ya mashamba na kando ya nyumba, na mvua ikinyesha juu, maji yanajaa ghafla huku chini jua linawaka. Bibi alikwenda kukata majani ya ng'ombe. Mtoto alifuata njia ya mama yake, njia ya mjini, na njia hiyo inavuka mfereji juu ya gogo. Nashipai aliporudi na vibuyu vitupu alikuta watu wamejaa uani, na wote waliinamisha macho. "Hakuna mtu alisema," aliniambia. "Mpaka leo hakuna mtu alisema. Mimi niliona tu viatu vya watu vina tope la mfereji, nikajua." Walikuwa wamekwisha mzika. Baada ya hapo mume wake hakumwuliza kitu wala yeye hakumwuliza mume wake. Walikula, wakalala, wakachunga, na nyumba nzima ikawa inazunguka mahali pasipotajika. Kifua kilianza kumbana msimu huo huo. "Usiku nasikia amenikalia hapa," akasema, akiweka mkono kifuani. "Simwambii shuka. Atashuka aende wapi?"

Niliogopa kumuuliza jina. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyelifikia, na alilifikia kwa njia ambayo mpaka leo naistaajabia. Alisema kulitaja kwa Kimaasai, lugha yao, hawezi. Ulimi unakataa, ni kama kumwita mtoto arudi kutoka alikokwenda, na mtoto atahangaika. "Lakini Kiswahili ni cha sokoni," akasema. "Kwa Kiswahili nauza maziwa, nauliza njia. Wafu wetu hawasikii Kiswahili." Akanitazama, anataka nimkubalie. Nikamwambia hawasikii, hakika. Akavuta pumzi. "Alikuwa anaitwa Naserian." Jina lenyewe ni la kwao, halikuwa la Kiswahili hata kidogo, na sote wawili tulilijua hilo. Hakuna aliyelisema. Akalitaja tena, polepole, kisha akaanza kulia kwa sauti, kilio cha kweli cha msiba kilichokuwa kimechelewa, na mlango ukafunguka Sista akasimama pale kidole kikiwa juu. Sijui aliona nini usoni mwetu. Alikishusha kidole, akafunga mlango taratibu, akaondoka na viatu vyake visivyo na sauti.

Jioni ile Nashipai alikula. Ule ule ugali usio na chumvi. Alikula nusu, akauliza kabichi ile imewakosea nini wapishi. Akameza vidonge. Siku za baadaye tuliongea habari za Naserian mpaka nikamjua: alivyokuwa anaficha ndama chini ya kitanda, alivyokataa kunyolewa, wimbo wake wa kuku. Siku moja akaniambia, huku akijifanya anatengeneza mto, "Niite vile walikuwa wananiita." Nikamwita Mama Naserian. Akafumba macho, akaitika. Toka hapo, tukiwa wawili, sikumwita vingine. Na mimi alinifanyia dawa yangu: Mama Mdogo Saida alipokuja na salamu za Idi, Nashipai alikohoa kwa nguvu huko kitandani mpaka nikashindwa kujizuia, nikasema, "Mama Mdogo, najua. Tangu mwezi wangu wa kwanza hapa najua." Bi Saida akakaa kitako sakafuni na kikapu chake, akalia kwa ile sauti yake yote, wodi nzima ikasikia. Nikalia naye. Moyo haukupasuka.

Daktari alifurahi sana. Alikuja na kiti chake, akamwona mgonjwa wake amekaa, anakula, uso umefunguka, akampa mkono Mzee Loishiye akimpongeza kwa tafsiri nzuri. Loishiye akashukuru. Nashipai akainamisha kichwa, akaguswa utosini, akanyamaza, na Daktari akaketi nusu saa yake akiwa radhi kabisa na kimya kile.

Ningependa kuishia hapo. Mtu anayesimulia hadithi angeishia hapo, akampandisha Nashipai mlimani na miguu yake mwenyewe. Lakini moyo ulikuwa mbovu kweli, na maneno hayashoni valvu. Aliishi nasi mpaka mvua za masika zilipoanza kupungua. Miguu ilivimba, ikapungua, ikavimba, na safari moja haikupungua. Wakati huo alikuwa na mipango. Alitaka kurudi kwa mume wake, alitaka kuona ng'ombe mmoja aliyekuwa na mimba, alisema labda atazaa tena, Mungu akipenda, na nilipomkumbusha wanachosema madaktari alinijibu kwa dharau kwamba madaktari hawajui hata kupika kabichi. Asubuhi moja, baada ya uji, alinishika mkono akaniambia, "Suhura, sasa mimi nataka," na hakusema anataka nini, na hakukuwa na haja. Alikufa mchana ule ule, akigombania pumzi, macho wazi, anaogopa. Nilikuwa nimemshika. Daktari alikimbia akaja, akapiga magoti kabisa pale chini, lakini hapakuwa na la kufanya.

Nimeifikiria siku ile kwa miaka mingi. Kama nisingefungua mdomo wangu, angekufa miezi kadhaa mapema, amegeukia ukuta, hana hofu kwa sababu hana anachopoteza. Mimi nilimrudishia kitu cha kupoteza. Wapo watakaosema ni afadhali, na binti mwenye miwani bila shaka ni mmoja wao, naye amesoma. Mimi nilimwona macho yake mchana ule. Baadhi ya siku nasema ni afadhali, na baadhi ya siku sisemi. Mimi nilitoka pale nikiwa hai, nikaolewa na mwanamume mwingine aliyeambiwa kila kitu na hakujali, nikazaa watoto ambao watu walisema sitawazaa, na yote hayo nilianza kuyataka kwenye kitanda kile. Sijui nimlipe nani.

Watu wake walikuja kumchukua kesho yake asubuhi. Wakati huo nilikuwa nimeruhusiwa kukaa barazani kwa muda mfupi, nimefungwa blanketi. Wanawake walikuwa chini kwenye lango wakitayarisha machela. Mume wake alipanda barazani peke yake kuchukua vitu vyake, blanketi, shanga, kibuyu. Alikuwa mtu mzima kuliko nilivyodhani, amevaa shuka na koti zito juu yake, fimbo mkononi. Nikamwamkia.

"Marahaba," akasema. "Wewe ndiye Suhura?"

"Ndimi."

"Dada yangu aliniambia mke wangu alikuwa anacheka na wewe."

"Alikuwa anacheka, ndiyo."

"Mlikuwa mnaongea nini?"

Ningeweza kumjibu mambo ya wanawake, na angeridhika, maana ndilo jibu la heshima. Lakini nilikuwa nimechoka na majibu ya heshima. "Tulikuwa tunaongea habari za mtoto wenu," nikamwambia.

Akatazama nguzo ya baraza. Mkono wake ukakaza fimbo, nikajua nimevuka mpaka, nikangoja anigombeze au anipige. "Alimtaja?" akauliza.

"Alimtaja."

"Jina?"

"Jina lenyewe."

Akageuka akawatazama wanawake kule langoni, wako mbali, wameinamia machela. Kisha yule mzee, ambaye hakuwa ameketi tangu afike, akashuka taratibu akakaa kwenye ngazi, akanipa mgongo, akaweka fimbo chini.

"Nitajie," akasema.

"Naserian."

Nilidhani hakusikia. Kisha akafunika uso kwa mikono yote miwili.

"Tena," akasema.

Nikalitaja tena, na tena, mpaka wale wanawake walipomwita.